Ukurasa wa Konokono wa Abena Tiwaa

KITUO CHA POLISI NYAMEBEKYERE, KUMASI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yaa Birago
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 51 kwa cheti. Marehemu mama yake alisema 53. Imeandikwa ya cheti.
Kazi: Muuza konokono, wabichi na wa kukaushwa kwa moshi
Makazi: Nyamebekyere, nyumba iliyo nyuma ya kinu cha mahindi
Tarehe: 20 Juni 2024, kuanzia saa 4:10 asubuhi
Yameandikwa na: Koplo Issah Fuseini

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa na Koplo Issah niseme ukweli mtupu wala nisiongeze chumvi. Nimemjibu kwamba chumvi inaua konokono, kwa hiyo nimezoea kufanya kazi bila hiyo. Amesema hilo haliandikwi. Nimemwomba aliandike.

Nimeuza konokono katika soko la Nyamebekyere kwa zaidi ya miaka ishirini. Mstari wetu wa wauza konokono una meza kumi na nne. Yangu ni ya tatu kutoka langoni. Ya Abena Tiwaa, ambaye ndiye mlalamikaji, ni ya saba. Nilimfahamu siku aliyokuja sokoni kwa mara ya kwanza, mtoto mgongoni na tenga moja kichwani. Si ndugu yangu wa damu. Yeye ananiita Maame, yaani mama. Mimi namwita mwanangu anaponisikiliza, na asiponisikiliza namwita Tiwaa.

Afande ameniuliza ukurasa wa konokono ni kitu gani. Ninaeleza. Miaka minne iliyopita, kiangazi, konokono walikuwa adimu na wanunuzi adimu zaidi. Tiwaa akaanza kujipiga video kwa simu akisafisha konokono kwa shabu na ndimu. Alionyesha mikono yake tu na beseni. Ute unatoka, nyama inabaki safi. Sisi tulimcheka, tukasema nani atakaa nyumbani kwake kutazama ute. Kumbe watu wako tayari kutazama chochote. Baadaye akaanza mashindano ya mbio kila Jumatatu: konokono watano kwenye ubao, mstari wa chokaa, na watu huko kwenye simu zao wanabahatisha nani atashinda. Mshindi ndiye anayeuzwa wa kwanza. Sijui kama hiyo ni zawadi.

Ukurasa huo uliitwa Konokono wa Tiwaa. Ulifikia watu elfu sita na kitu. Wenye hoteli wa Accra walimpigia simu. Watoto wa Kumasi walioko ng'ambo walimwagizia konokono wa kupeleka kwa mama zao. Oda ikizidi matenga yake alikuja kununua kwetu, meza kwa meza, bila kubagua. Hilo naomba liandikwe vizuri, kwa sababu kuna watakaosema alikuwa anatunyang'anya.

Mimi pia nilijaribu ukurasa wangu. Nilijirusha moja kwa moja nusu saa nzima, nikifundisha namna ya kumchagua konokono mwenye nyama. Nilipomaliza Tiwaa akaniambia simu ilikuwa imeelekea vibaya na watu wameona kidevu changu tu. Waliotazama walikuwa wanne, na mmoja wao nilikuwa mimi.

"Usikate tamaa, Maame," akaniambia. "Kidevu chako kimepata wapenzi wawili."

Nikaufunga ukurasa huo, kama kweli uliwahi kufunguka.

Sasa nieleze habari za Nana Ama Dufie. Yeye ndiye malkia wa mstari wetu. Lori la konokono likija kutoka Goaso au Sefwi, hakuna anayegusa gunia mpaka Nana afungue la kwanza kwa mkono wake na kutaja bei. Sina ugomvi na utaratibu huo. Usingekuwapo tungekanyagana. Nana pia ndiye anayeamua kesi zetu, na sheria kubwa ya mstari ni hii: mteja akisimama kwenye meza ya mwenzako, huruhusiwi kumwita, kumkonyeza wala kumtajia bei mpaka ageuke mwenyewe. Nimeona wanawake wazima wakipigwa faini kwa kukohoa vibaya.

Zamani wale wanunuzi wakubwa wa Accra walipitia kwa Nana, naye akawagawa kwenye meza alizozipenda. Tangu ukurasa ulipokua walimpita. Walimsalimia kwa heshima, wakaenda meza ya saba. Nana alikuwa akiwatazama miguu.

Mnamo tarehe 3 Juni 2024, siku ya Jumatatu, saa 3 asubuhi au karibu na hapo, Esi Mansa mwenye kibanda cha fufu karibu na kituo cha mafuta alisimama mezani kwangu. Ni mteja wangu wa siku nyingi na tunataniana, kwa kuwa yeye ni Mfante na Wafante ni wepesi kutaniwa. Alikuwa ameshika konokono wangu watatu, anawageuza.

"Maame Birago, hawa ni konokono au ni vifungo vya shati?"

"Ni wadogo kwa sababu walisikia unakuja," nikamwambia. "Wamejikunja."

Hapo simu yake ikalia. Akaitazama, akaanza kucheka. Tiwaa alikuwa anarusha yale mashindano, na konokono mmoja alikuwa amegeuka katikati ya ubao anarudi alikotoka. Esi Mansa akasema lazima amwone huyo mpumbavu kwa macho yake. Akawaweka wangu chini, akaenda meza ya saba, akanunua huko. Alinipungia mkono akiwa njiani kurudi.

Sikukasirika. Konokono wangu siku hiyo walikuwa wadogo kweli. Sikulalamika kwa mtu yeyote. Lakini mstari wetu una macho mengi, na Afia Achiaa, binti yake Nana, alikuwa amesimama kwenye mizani.

Mnamo tarehe 6 Juni 2024, Alhamisi, saa 8 mchana, tuliitwa sote kwenye banda la mizani. Nana alikuwa ameketi. Pembeni yake alisimama Maame Frema, msemaji wake. Afande anatoka kaskazini, kwa hiyo nimemweleza: kwetu huzungumzi na Nana mdomo kwa mdomo. Unamwambia msemaji, msemaji anamwambia Nana, hata kama Nana yuko hatua mbili mbele yako na amesikia kila neno. Neno lisilopitia kwa msemaji halijasemwa.

Maame Frema akasema, "Nana anauliza, Tiwaa, simu yako ina sauti?"

"Ina sauti, Nana anisamehe."

"Inafika wapi?"

"Popote penye mtandao, Maame."

"Hata kwa mteja aliyesimama mezani kwa mwenzako?"

Tiwaa ni msichana mwenye maneno, lakini hilo lilimkamata. Ndipo Maame Frema akasema kwamba Jumatatu mteja wa Yaa Birago aliitwa na simu hiyo akiwa na konokono wa Birago mkononi, akawatupa, akaenda meza ya saba. Kwamba Birago amevunjiwa meza. Kwamba leo ni Birago, kesho ni nani?

Wanawake wakaguna. Wengine walinitazama kwa huruma kana kwamba nimefiwa. Hakuna aliyewahi kunihurumia vile, hata nilipofiwa.

Nikasahau adabu. Nikasema moja kwa moja, "Nana, mimi sijalalamika. Wala hakuwatupa, aliwaweka. Na huyo Tiwaa amenunua matenga yangu mawili wiki iliyopita."

Nana alikuwa akitazama kucha zake. Maame Frema akawauliza wenzangu, "Kuna mtu amesema kitu? Mbona mimi sijasikia?"

"Nimesema mimi, Maame Frema."

"Umesema na nani?"

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Nikainama, nikamwomba radhi, nikamwomba ampelekee Nana maneno yangu. Akanijibu kwa upole, ile sauti ya mtu anayekuambia kiatu chako kimekanyaga kinyesi: "Birago, dada yangu, umemrukia Nana mbele za watu. Leta kwanza kreti ya soda ya kuomba radhi. Ukishaleta nitakusikiliza mpaka uchoke."

Nikatoka mbio. Nasema mbio, ila yeyote anayenifahamu ajue ni mwendo wa aina gani. Kwenye kibanda cha soda mwenye kibanda akataka chupa tupu kwanza. Sina chupa tupu. Nikaenda kuomba chupa tupu kwa muuza wali. Zilipungua tatu. Nikaenda kwa kinyozi. Narudi bandani na kreti kichwani, jasho linanitoka, nimeyapanga maneno yangu yote vizuri, nakuta kesi imekwisha.

Niliyoyaona nilipoingia ni haya. Simu ya Tiwaa, ya jalada la kijani, ilikuwa mkononi mwa Achiaa. Tiwaa amesimama mikono mitupu. Maame Frema alikuwa anasema, "Nana anasema fungua, ifutwe mbele yetu sote, kisha urudi mezani kwako kwa amani. Hujafukuzwa. Meza yako ipo, na gunia lako Nana atakufungulia kama wenzako."

Tiwaa akasema, "Maame Frema, mwambie Nana nitaacha yale mashindano. Sitarusha kitu saa za soko. Nitarusha usiku, watu wakiwa wamelala na njaa yao."

Maame Frema hakugeuka hata kumtazama Nana. Akasema, "Nana amesikia. Fungua."

Tiwaa alitutazama, meza kwa meza. Wale aliowanunulia matenga wote walikuwapo. Kila mmoja alipata kitu cha kuangalia chini. Mimi nilikuwa na kreti kichwani, sikuweza kuangalia chini, kwa hiyo nikamwona usoni. Akaweka kidole gumba kwenye simu ikafunguka.

Afande ameniuliza nilikuwa umbali gani. Nilikuwa karibu kuliko wote, kwa sababu niliambiwa nigawe soda, na Achiaa ndiye wa kwanza baada ya mama yake. Nilipompa chupa nilikiona kioo cha simu. Ile picha ya konokono mwenye kilemba ambayo Tiwaa aliiweka juu ya ukurasa ilikuwa bado ipo. Chini yake Achiaa alikuwa anaandika namba. Namba hiyo ilikuwa yake mwenyewe, naijua kwa moyo, kwa maana ndiyo tunayotumia kulipia ushuru wa mstari. Sikuelewa. Nilidhani ndivyo kufuta kunavyofanywa, kwamba lazima mfutaji ajiandikishe. Mimi ni mtu wa kidevu.

Achiaa akabonyeza, akabonyeza, akasema, "Imekwisha." Akaiweka simu kwenye mkoba wake. Tiwaa akauliza kama atarudishiwa. Maame Frema akajibu itakaa kwa Nana mpaka mambo yapoe. Kisha wakanywa soda yangu kufunga kesi. Yale maneno niliyoyalipia hakuna aliyeniuliza tena.

Kuanzia siku hiyo Tiwaa aliuza kama sisi. Alikaa, akafukuza nzi, akangoja. Nilimpelekea kenkey ya mahindi na samaki, akala nusu. Nilimtania kwamba sasa atajifunza kuuza kwa kidevu kama mimi. Alicheka kidogo, kicheko cha kunipa heshima.

"Maame," akasema, "kuna mama mmoja kule Tafo, mwanawe yuko ng'ambo. Kila Jumamosi nampelekea sita, nawasafisha kabisa kwa sababu vidole vyake haviwezi. Jumamosi atangoja."

"Si unamjua nyumba?"

"Najua nyumba. Ninao konokono? Nana amenifungulia gunia la mwisho, nusu wamekufa."

Nilimpa sita wangu. Walikuwa vifungo vya shati, lakini alikwenda.

Mnamo tarehe 15 Juni 2024, Jumamosi, saa 5 asubuhi, Esi Mansa alikuja tena sokoni. Hakusimama kwangu. Alikuwa anatafuta meza ya Nana.

"Toka lini unanunua kwa Nana?" nikamuuliza. "Konokono wa malkia wana taji?"

"Nimeagiza kwa Tiwaa, Maame. Kwenye ukurasa. Wameniambia nichukue kwa Nana."

"Ukurasa gani? Si ulifutwa."

Akanionyesha simu yake. Ukurasa ulikuwapo. Watu ni walewale elfu sita na kitu. Yule konokono mwenye kilemba yupo. Jina limebadilishwa, sasa ni Konokono wa Nana Dufie, na namba ya kupiga ni ya Achiaa. Video iliyokuwa inaonyeshwa ni mikono inasafisha konokono kwa shabu na ndimu. Sauti imetolewa, umewekwa muziki wa kanisa. Mikono ni ya Tiwaa. Naijua kwa bangili yake ya shaba na kovu la mafuta ya moto lililo juu ya kifundo. Nililifunga lile jeraha mimi mwenyewe.

Nilimwomba Esi Mansa aniazime simu nikaenda nayo meza ya saba. Tiwaa aliitazama video mpaka mwisho, kisha akaitazama tena. Akashusha mkono wa gauni ufunike kovu.

"Mikono yangu inauza konokono wa Nana," akasema.

"Mwanangu."

"Si angefuta, Maame. Ningekuwa nimeshasahau. Si angefuta tu."

Chini ya video kulikuwa na maneno ya watu. Mmoja aliuliza, Tiwaa hajambo, mbona hasemi siku hizi? Aliyejibu alikuwa Achiaa, na alijibu kama yeye ndiye Tiwaa: Sijambo, nimepata baraka mpya. Hilo ndilo lililomwinua Tiwaa kutoka kwenye kigoda. Jumatatu yake, tarehe 17, alikuja hapa kituoni kuandikisha malalamiko kuhusu simu yake na ukurasa wake. Akanitaja mimi kuwa shahidi. Hakuniomba kwanza. Alijua sitakataa, au alijua hana mwingine.

Mnamo tarehe 18 Juni, jioni, Maame Frema alinitembelea nyumbani. Alileta machungwa. Tuliongea habari za magoti yake, kisha za magoti yangu. Alipoinuka kuondoka akasema, "Birago, wewe na mimi tumezeeka kwenye mstari ule. Polisi wanaandika, wanafunga kitabu, wanakwenda kula. Wewe kesho yake unarudi kwa nani?"

"Ni Nana anasema, au ni wewe?"

"Leo sijatumwa," akasema. "Ningetumwa nisingeleta machungwa."

Naamini alisema kweli. Ndiyo maana sikulala vizuri.

Hapa maelezo yalisimama saa 5:50 asubuhi, Koplo Issah alipoitwa kaunta. Yameendelea saa 6:35 mchana. Kwa kuwa nimeambiwa nieleze niliyoyaona na kuyasikia, naeleza na hayo ya katikati.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini. Nana Ama Dufie aliingia na Maame Frema, wazee wawili wa kanisa, na Tiwaa. Tiwaa alikuwa amepakwa poda nyeupe shingoni na mabegani, ile tunayompaka mtu kesi yake ikiisha kwa heri. Mkononi alikuwa na simu yake ya jalada la kijani. Nilifurahi, lazima niseme. Kwa kitambo kidogo nilidhani ameshinda.

Alikuja akakaa kando yangu.

"Maame, yamekwisha nyumbani. Nimekuja kuondoa malalamiko."

"Wamekurudishia?"

"Simu, ndiyo."

"Na ukurasa?"

"Ukurasa ni wa soko sasa. Mimi ndiye nitakayepiga video. Na mbio za Jumatatu nitaendesha, Nana amekubali. Zitafanyika mezani kwake."

"Kwa jina la nani?"

Akaifuta simu kwa kanga yake, ilhali haikuwa chafu. "Nana anasema jina si kitu."

"Si kitu, mbona amelichukua?"

"Maame, nikishinda hapa, gunia nitafunguliwa na nani? Huyu afande ndiye atakayeniletea konokono kutoka Sefwi? Hata kuwatazama hawezi." Ni kweli, afande, uso wako umejikunja tangu asubuhi. "Nina mtoto," akaendelea Tiwaa. "Niache nipige video zangu. Watu wataiona mikono."

Sikumlaumu. Nilitaka kumlaumu, nikatafuta pa kuanzia, sikupapata. Nikamuuliza na yule mama wa Tafo je. Akasema oda zote zitapitia kwa Achiaa, na Achiaa hapeleki oda ndogo.

Kisha akasema lile alilotumwa. "Wanaomba na wewe uache. Mwambie afande hukuona vizuri. Ulikuwa na kreti kichwani."

"Umeombwa uniambie hivyo?"

"Nimeombwa."

"Na wewe mwenyewe unaniomba?"

Alitazama mlangoni walikosimama wale wengine. Kama angesema ndiyo, kwa ajili yake, ningeinuka pale pale nikaenda nyumbani. Nilingoja aseme. Nilingoja sana. Maame Frema akaita, "Tiwaa, tunachelewa lori." Akainuka, akanigusa bega, poda kidogo ikabaki kwenye blauzi yangu. Ipo hapa, afande ameiona.

Maame Frema alinijia mwishoni. Akasema, "Dada yangu, malalamiko yameondolewa. Kwa hiyo hata hayo uliyoyasema tangu asubuhi, Nana anasema hayakusemwa."

Koplo Issah alikuwa amesimama nyuma yake na karatasi hizi mkononi. Akasema, "Mama, mimi nimeshayaandika."

Maame Frema akamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa watu. "Andika, mwanangu. Kalamu ni ya serikali."

Wakaondoka. Kutoka dirishani nilimwona Nana akiingia kwenye teksi, naye Tiwaa amesimama nje akimrekodi kwa simu, anarudi nyuma taratibu ili Nana aingie mzima kwenye picha, pamoja na kilemba. Achiaa atakuwa ameshairusha video hiyo ukurasani. Tiwaa ana jicho zuri la picha. Sijawahi kusema vinginevyo.

Afande ameniambia kwamba kwa kuwa mlalamikaji ameondoa malalamiko, sina ulazima wa kumaliza, na kwamba naweza kwenda zangu. Nimeomba kumaliza. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia tarehe 6 nilikimbia nikatafuta chupa tupu sokoni kote ili niseme maneno matatu, na nilipofika hayakuwa na kazi tena. Leo nimeyasema yote nikiwa nimekaa, na hakuna aliyenidai soda. Hata kama hayana kazi.

Ninachojua kwa macho yangu ni kwamba tarehe 6 Juni 2024 Afia Achiaa hakufuta ukurasa wa Abena Tiwaa. Aliuchukua, tukiwa tumekaa pale wanawake kumi na watatu na mimi nimesimama, na tukanywa soda. Sikuahidiwa kitu wala kutishwa na mlalamikaji ili niseme hivi. Nimesomewa yote kwa Kitwi, nimeyaelewa, na nimesahihisha mahali pamoja: aliandika kwamba konokono wangu walikuwa wadogo sana. Walikuwa wadogo. Sana ameongeza yeye.

Hayo ndiyo yangu, sina mengine.

Sahihi ya shahidi: Y. Birago

MAELEZO YA OFISA
Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Issah Fuseini, na kumsomea shahidi, naye akatia sahihi mbele yangu saa 7:20 mchana. Mlalamikaji Abena Tiwaa aliondoa malalamiko kwa hiari yake saa 6:15 mchana, pande zote zikisema zimepatana nyumbani. Hakuna hatua zaidi. Jalada limefungwa.

Kabla ya kuondoka shahidi aliuliza maelezo yake yatasomwa na nani. Nilimjibu kwamba yatahifadhiwa kwenye jalada. Aliuliza tena kama kuna atakayeyasoma. Nilimjibu hapana. Aliniomba niandike na hilo, nami nimeliandika.